Msiseme kwa Niaba ya Dini Zote

Barua ya wazi kwa wachungaji, mapadri na maimamu wanaohudumu kwa Kiswahili katika majimbo ya Indiana na Kentucky

Waheshimiwa,

Wa msikitini, asalaam aleikum. Wa kanisani, Bwana asifiwe. Salamu ni mbili lakini barua ni moja, na nisingependa yeyote kati yenu aisome akidhani anayesemwa ni jirani yake.

Wengi wenu mnanijua kwa sauti kuliko kwa sura. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mkalimani wa hospitali hapa Indianapolis, na kazi yangu kubwa naifanya kwa simu: daktari upande mmoja, mama wa kutoka Uvira, Bukavu au Kigoma upande wa pili, mimi katikati. Ninayoyasikia humo ni amana na hayatoki. Ninayotaka kuyazungumza ni yale yanayosemwa hadharani, mimbarini na katika jumbe za sauti zinazosambazwa WhatsApp kila Jumapili jioni: kwamba kuhusu kutoa mimba dini zote zimekwisha kusema, zimesema kwa kauli moja, na serikali za majimbo yetu mawili zimetii tu. Na kwamba anayezipinga sheria hizo ni mtu asiye na Mungu.

Waliokwenda mahakamani kuipinga sheria ya Indiana walikwenda wakiwa na Mungu midomoni. Hilo ndilo naona halijawafikia, au limewafikia mkalipuuza kwa sababu waliokwenda ni wanawake, tena wengi wao Wayahudi.

Gavana Eric Holcomb alitia saini sheria ya Indiana tarehe 5 Agosti 2022, wiki sita baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Dobbs, kuifuta hukumu ya Roe iliyokuwa ikilinda haki ya kutoa mimba tangu 1973. Indiana ilikuwa jimbo la kwanza kupitisha katazo jipya baada ya Dobbs. Kentucky haikuhitaji hata kuitisha kikao; sheria yake iliandikwa 2019 ikawekwa kusubiri siku hiyo. Indiana iliacha milango michache: mama akiwa katika hatari ya kufa au ya kudhurika vibaya, mtoto akiwa na kasoro isiyomwacha aishi, na mimba ya kubakwa au ya maharimu hadi wiki 10. Kentucky haikuacha hata huo wa kubakwa.

Septemba 2022, ACLU ya Indiana, shirika la kutetea haki za kiraia, ilifungua kesi kwa niaba ya kikundi kiitwacho Hoosier Jews for Choice pamoja na wanawake watano waliofichwa majina. (Hoosier ni mwenyeji wa Indiana. Tukikaa sana hata sisi tutaitwa hivyo.) Miongoni mwao walikuwamo Wayahudi, alikuwamo mwenye imani yake isiyo na kanisa wala sinagogi, na maimamu wangu nisikilizeni hapa, alikuwamo Mwislamu. Hawakudai kwamba katazo lote lifutwe kwa kila mtu. Walidai jambo jembamba zaidi: kwamba katika hali fulani dini yao inawaelekeza kutoa mimba ambayo jimbo linakataza kutolewa, na kwamba jimbo halina ruhusa ya kumzuia mtu asiitii dini yake ila kwa sababu nzito mno.

Hoja hiyo waliitoa wapi? Waliitoa katika sheria yenu wenyewe.

Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya nchi hii iliwanyima haki wanaume wawili wa Oregon waliofukuzwa kazi kwa kutumia peyote, mmea wa kulevya, katika ibada ya kanisa la wenyeji wa asili wa Marekani. Watu wa dini, kulia na kushoto, walishtuka, na Bunge la Marekani likapitisha 1993 sheria ya kurejesha uhuru wa dini. Mahakama iliposema 1997 kwamba sheria hiyo haiyafungi majimbo, majimbo yakaanza kutunga ya kwao. Ya Indiana ilitiwa saini Machi 2015 na Mike Pence, aliyekuwa gavana wakati huo, amezungukwa na watawa na viongozi wa dini. Wengi wenu mliishangilia, wengine mkiwa bado katika kambi za wakimbizi mkaisikia baadaye. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa, kwa sababu watu waliona imetungwa ili wenye maduka wakatae kuwahudumia mashoga, na Aprili ikabidi irekebishwe. Lakini moyo wake ulibaki: serikali haiwezi kumtwika mtu mzigo mkubwa katika kutekeleza dini yake isipokuwa ina sababu nzito ya umma, na hata ikiwa nayo, itumie njia inayombana mtu kidogo kuliko zote.

Waliokimbilia sheria hiyo mapema si wale waliotarajiwa. Walikuwa watu wa Kanisa la Bangi, ndiyo, la hapa hapa Indianapolis, lilisajiliwa 2015 na likaishitaki serikali mwaka huohuo likidai kuvuta bangi ni ibada. Lilishindwa 2018. Nalitaja kwa sababu nimewasikia baadhi yenu mkisema kwamba kuwakubalia wanawake hawa ni kumfungulia mlango kila mwenye uzushi. Mlango una bawabu. Mahakama hupima, na anayekuja na moshi hurudishwa na moshi wake.

Wanawake hawa hawakurudishwa. Tarehe 2 Desemba 2022 jaji Heather Welch wa Kaunti ya Marion aliizuia sheria isitumike dhidi yao. Alitazama kama kweli jimbo linaamini kwamba kila yai lililorutubishwa ni mtu kamili, akaona sheria yenyewe inasema vingine: utungisho wa mimba maabara umeachwa huru, na huko viinitete hugandishwa, huchaguliwa, vingine hutupwa. Mimba ya kubakwa nayo imepewa muda wake. Jimbo linaloweza kuacha mlango kwa ajili ya maabara na kwa ajili ya aliyebakwa litasemaje haliwezi kuuacha kwa ajili ya dini? Mwaka 2023 kesi ikawa ya kundi zima la wenye imani ya namna hiyo. Aprili 2024 Mahakama ya Rufani ya Indiana ikakubaliana na jaji, ikiagiza tu maneno ya amri yabanwe zaidi. Ilikumbusha kesi ya Hobby Lobby ya 2014, kampuni ya kuuza vifaa vya mapambo iliyoruhusiwa kwa jina la dini kutowalipia wafanyakazi wake baadhi ya njia za kuzuia mimba, ikasema kwa maana hii: ikiwa kampuni inaweza kuwa na dini kwa kukataa, mwanamke naye anaweza kuwa na dini kwa kutenda. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Indiana ikakataa kuiingilia kesi katikati ya safari, ikairudisha chini iendelee. Na mahakama hii si ya wanaharakati. Majaji wake wote watano waliteuliwa na magavana wa chama cha Republican, na Juni 2023, katika kesi nyingine, iliruhusu katazo lenyewe lianze kazi.

Louisville, Kentucky, mambo yalikwenda tofauti. Wanawake watatu wa Kiyahudi, wote akina mama, walishitaki Oktoba 2022 wakisema sheria ya Kentucky imechukua jibu la Kikristo kuhusu mwanzo wa uhai ikalifanya amri, na tena imeandikwa ovyo hata mwenye viinitete vilivyogandishwa hajui kama akiviacha vitupwe ameua. Juni 2024 jaji akaitupa kesi: madhara yao, alisema, bado ni ya kuwazia. Mwezi mmoja baada ya kesi kufunguliwa, wapiga kura wa Kentucky, jimbo lenye makanisa kila kona, walikuwa wamekataa kuandika katika katiba yao kwamba haki ya kutoa mimba haipo. Walioikataa hawakuwa wapagani peke yao, hesabu haiwezi kukubali.

Sasa nije kwenye dini yenyewe, maana nyinyi ni watu wa vitabu.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, aya ya 22 na 23, mnacho. Wanaume wanapigana, mmoja anamuumiza mjamzito na mimba inatoka. Marabi, tangu zamani, wameisoma hivi: mama akipona, aliyeumiza anatozwa faini, mama akidhurika, hapo ndipo inapoingia sheria ya uhai kwa uhai. Faini kwa kilichomo tumboni, uhai kwa mama. Najua wapo wafasiri Wakristo wanaosema aya inazungumzia mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati akiwa hai, na ni haki yao kusoma hivyo. Lakini watu ambao kitabu hicho kilishushwa kwa lugha yao wamekisoma vingine kwa karne nyingi, na usomaji wao haukuanzia kwenye maandamano ya Washington.

Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilika mnamo mwaka 200, inakwenda mbali zaidi, na si maneno ya kupendeza. Mama akishikwa na uchungu ukamfikisha pabaya, kilichomo tumboni hukatwa kikatolewa, kwa kuwa uhai wa mama unatangulia. Kikishatokeza sehemu yake kubwa hakiguswi tena, maana sasa ni nafsi mbele ya nafsi. Wanazuoni wao hawakuisoma hiyo kuwa ruhusa tu. Waliisoma kuwa wajibu. Mkunga au daktari anayekunja mikono hapo akimwacha mama afe, kwa sheria yao amekosa mbele ya Mungu. Talmud nayo, kitabu kikubwa cha mijadala ya marabi, inasema mimba kabla ya siku 40 ni maji tu. Na Rashi, mfasiri wao mkubwa wa karne ya 11 huko Ufaransa, anasema wazi kwamba ambacho hakijatoka kuingia hewani bado si nafsi.

Msinielewe vibaya. Hakuna mahali Uyahudi unasema toa mimba upendavyo. Kilichomo tumboni ni uhai unaotarajiwa na kina heshima yake, na marabi wanabishana tangu hapo hadi leo kuhusu lini na kwa sababu gani. Rabi Moshe Feinstein wa New York alikaza sana. Rabi Eliezer Waldenberg wa Jerusalem, wa zama zilezile, alimruhusu mama mwenye mimba ya mtoto mgonjwa wa Tay-Sachs, ugonjwa wa kurithi unaoua watoto wadogo kwa mateso, hata mwezi wa saba. Agudath Israel, chama cha Wayahudi Waorthodoksi, wale wanaoshika sheria kwa ukali, kilishangilia hukumu ya Dobbs. Orthodox Union, chama kingine cha Waorthodoksi hao, ilisema haiwezi kuomboleza wala kusherehekea. Katika utafiti wa taasisi ya Pew wa 2014, asilimia 83 ya Wayahudi wa Marekani walitaka utoaji mimba uwe halali katika hali zote au nyingi. Kwa hiyo ndani ya nyumba yao kuna mabishano, lakini ni mabishano yao, na uamuzi katika kila mkasa hufanywa na mama pamoja na rabi wake na daktari wake. Ukiweka mwendesha mashtaka katika chumba hicho, umemtoa rabi.

Wanawake wa dini hiyo hawakuanza jana kudai nafasi. Mwaka 1893 Chicago iliandaa maonyesho makubwa ya dunia, na ndani yake mkutano wa dini zote. Hannah Greenebaum Solomon aliombwa awalete wanawake wa Kiyahudi, akaja kugundua kwamba wanaume waliona kazi yao ni kumimina kahawa. Hakumimina. Alianzisha Baraza la Taifa la Wanawake wa Kiyahudi, ambalo lipo hadi leo na ndilo liko mbele katika haki za uzazi. Baadaye baraza hilo liliweka watumishi wanaozungumza Kiyidish, lugha ya Wayahudi wa Ulaya mashariki, kwenye kituo cha Ellis Island, New York, kuwapokea wasichana walioshuka melini peke yao, wasijue lugha, wakisubiriwa gatini na matapeli. Nami kwa kazi yangu nina sababu ya kuwapenda watumishi wale.

Nanyi mna sababu. Baadhi yenu mlipita Nairobi mkisubiri safari, na mnaijua ofisi ya HIAS. Hilo ni shirika la Wayahudi, lilianzishwa New York karne ya 19 kuwahudumia Wayahudi waliokimbia kuuawa Urusi. Wayahudi wakimbizi walipopungua likageukia wengine, Wakongo wakiwamo. Silisemi hili ili mlipe deni. Nalisema kwa sababu mmoja wenu aliniambia watu hawa hawajui uchungu wa kupoteza watoto.

Wanaujua. Oktoba 1916, huko Brownsville, Brooklyn, mtaa wa wahamiaji Wayahudi na Waitaliano, Margaret Sanger alifungua kliniki ya kwanza ya uzazi wa mpango nchini, na pamoja naye alikuwa Fania Mindell, binti wa Kiyahudi mzaliwa wa Minsk. Vipeperushi vilichapwa kwa Kiingereza, Kiyidish na Kiitaliano. Akina mama walipanga foleni na watoto migongoni na wengine mikononi. Polisi waliifunga katika muda wa siku chache. Sanger mwenyewe alikuwa na fikra nyingine ambazo siwezi kuzitetea, lakini foleni ile haikuwa ya fikra zake. Ilikuwa ya wanawake waliojua hesabu ya watoto waliozaa na hesabu ya waliozika.

Kisha kuna kesi moja ambayo ningependa kila padri aijue. Mwaka 1970 Susan Struck, kapteni na muuguzi wa Jeshi la Anga la Marekani, alikuwa Vietnam akapata mimba. Kanuni za jeshi zilikuwa kavu: mwanamke mwenye mimba anatoka jeshini. Na hospitali za jeshi lenyewe wakati huo zilikuwa zinatoa mimba. Kwa hiyo aliwekewa njia mbili, aitoe abaki, au aizae aende. Struck alikuwa Mkatoliki. Alisema hatoi. Alisema atazaa katika siku zake za likizo na kumpa mtoto wazazi wa kumlea, kisha arudi kazini, na ndivyo alivyofanya, mtoto akazaliwa Desemba mwaka huo. Jeshi likaendelea kumfukuza. Akashindwa mahakama za chini.

Wakili aliyeibeba kesi yake hadi Mahakama ya Juu, 1972, alikuwa mwanamke wa Kiyahudi wa Brooklyn ambaye jina lake halikuwa limetapakaa: Ruth Bader Ginsburg. Katika hoja zake alisema serikali haina haki ya kumchagulia mwanamke kama atazaa au hatazaa, na kwamba kumlazimisha Mkatoliki huyu achague kati ya kazi na mimba ni kuingilia dini yake. Jeshi, likiona litashindwa, likamrudishia Struck kazi, na kesi ikafa bila hukumu. Ginsburg alisikitika miaka yote; alitamani hiyo ndiyo ingekuwa kesi ya kwanza ya uzazi kufika pale juu, kabla ya Roe.

Mnaona alichokitetea? Haki ya Mkatoliki kutotoa mimba. Nguvu ileile ya serikali iliyotaka kumfukuza Struck kwa kuzaa ndiyo inayomkataza Myahudi wa Indiana leo. Mkono ukishaingia tumboni mwa mwanamke kwa ruhusa ya sheria, hauulizi tena ni wa dhehebu gani. Mkuki kwa nguruwe, mwisho wake mnaujua. (Methali imechagua mnyama ambaye mimi na Wayahudi hatumli, lakini somo linatufika wote.)

Wachungaji, wengi wenu ni Wabaptisti na Wapentekoste, na mnazungumza kana kwamba msimamo wenu umekuwapo tangu Petro. Mkutano Mkuu wa Wabaptisti wa Kusini, ulioketi St. Louis 1971, ulipitisha azimio la kuwataka waumini washughulikie kutungwa kwa sheria zitakazoruhusu kutoa mimba kwa kubakwa, kwa maharimu, kwa mtoto mwenye kasoro kubwa, na kwa ajili ya afya ya mama, ya mwili, ya akili na ya hisia. Azimio hilo ni pana kuliko sheria ya Indiana ya leo. Baadaye walibadilika, na watu wa dini wana haki ya kubadilika. Lakini waumini wa 1971 hawakuwa makafiri.

Maimamu, nanyi nawajua. Mnasimama na wachungaji katika jambo hili kwa sababu ni moja ya mambo machache wanayowakaribisha. Lakini fikihi yetu mnaijua kuliko mimi. Hadithi ya Ibn Mas'ud, iliyo katika Bukhari na Muslim, inaweka kupuliziwa roho baada ya siku 120. Juu ya hadithi hiyo wanazuoni wamejenga nyumba tofauti: wapo Mahanafi walioruhusu kabla ya muda huo kwa udhuru, Mamaliki wamekaza tangu mwanzo, na kwetu sisi Mashafii wa pwani, Imamu Ghazali alikaza huku wengine wa madhehebu yaleyale wakilegeza. Hata waliokaza, uhai wa mama ukiwa hatarini, walijua kati ya shina na tawi kipi kinatangulia. Yote hayo mmeyasoma Lamu, Zanzibar, Madina. Mbona yanapotea mkifika ngazi za bunge la Indianapolis?

Wakenya wenzangu watakumbuka 2010. Makanisa mengi yalipiga kampeni ya Hapana dhidi ya katiba mpya kwa mambo mawili: kifungu kinachoruhusu kutoa mimba pale uhai au afya ya mama ikiwa hatarini, na mahakama za kadhi. Mambo mawili, pumzi moja. Tulioshangilia katiba ilipopita Agosti 4 tulijua jambo ambalo naona maimamu wa huku wamelisahau: anayetaka sheria ya nchi iwe sheria ya kanisa lake hana mpango wa kusimama nusu ya njia ili na wewe upite.

Na uhuru huu unaowakera ukiwa mikononi mwa Wayahudi ndio unaotulinda sisi. Januari 2015 Mahakama ya Juu, majaji wote tisa kwa kauli moja, ilimruhusu mfungwa Mwislamu wa Arkansas kufuga ndevu za nusu inchi, kwa kanuni ileile ya mzigo mkubwa na sababu nzito. Magereza yalidai usalama. Majaji waliuliza: mbona magereza mengine yanaruhusu? Ndilo swali la Indiana kuhusu maabara. Mkiidhoofisha kanuni hiyo ili kuwanyamazisha akina mama wa Kiyahudi, hamtaipata ikiwa nzima siku binti zenu watakapoambiwa wavue hijabu ghalani au wafanye kazi siku ya Sabato.

Ipo hoja moja ambayo siidharau. Mchungaji mmoja aliniambia: dada, uhai ni uhai, kama mtu ana dini ya kutoa kafara watoto, tutamwachia kwa uhuru wa dini? La, hatutamwachia. Mtoto aliyezaliwa yuko mbele ya macho yetu sote, na hakuna dini kati ya zinazohusika hapa inayobishana kama ni mtu. Mabishano yako mahali pamoja tu, katika swali la lini mtu anaanza kuwa mtu, na swali hilo halina kipimo cha damu wala cha mashine. Mashine inaonyesha mapigo. Haionyeshi roho. Anayejibu kwamba roho huingia siku ya kwanza anajibu kwa imani, sawa na anayesema siku 40, siku 120, au pumzi ya kwanza. Mimi mwenyewe nina jibu langu, na nikiulizwa na dada yangu nitamwambia kwa upole lakini bila kuficha. Sitaki liandikwe kwenye sheria ya Indiana, kwa sababu najua ni la kwetu.

Wengine mtaniuliza: na Gaza? Wanawake walioishitaki Indiana si serikali ya Israeli, na wala hawakuulizwa maoni yao juu yake na jaji yeyote. Nimeandamana kwa ajili ya Gaza katikati ya jiji hili, na nitaandamana tena. Haki ya mama wa Kiyahudi wa Indiana siipimi kwa vita ambavyo hakuvianzisha.

Ninachowaomba si kuhubiri kutoa mimba. Hubirini mnachokiamini, ndiyo kazi yenu. Lakini Januari bunge likifunguliwa, na wabunge wakiwaita kama kawaida yao msimame nyuma yao kwa picha, mkipewa kipaza sauti semeni jina la kanisa lenu au msikiti wenu, mkomee hapo. Msiseme "sisi waumini". Wapo waumini mahakamani upande wa pili, na wana kitabu mkononi.

Na jambo jingine, hili ni la kazi yangu na haliwezi kungoja Januari. Wanawake wa makanisa na misikiti yenu wanaamini kwamba mama mwenye mimba anayetoka damu akienda hospitali atakamatwa. Waambieni si hivyo. Adhabu iliyo katika sheria ya 2022 ni ya daktari. Mimba inayoharibika yenyewe si kosa, na mama aliye hatarini ana haki ya kutibiwa. Semeni hivyo kwa sauti, Jumapili na Ijumaa, kwa maneno mepesi. Maneno yenu mengine wameyasikia vizuri mno.

Kila mwaka, kati ya Januari na Februari, sinagogi zote duniani hufika kwenye sura ile ya Kutoka katika mzunguko wa kusoma Torati. Tangu 2021 Baraza la Wanawake wa Kiyahudi limeifanya Sabato hiyo kuwa siku ya kuzungumzia haki za uzazi, na sinagogi nyingi hushiriki. Pigieni simu iliyo karibu nanyi, mwombe kukaribishwa. Nendeni na wake zenu. Mkirudi hamjabadili mawazo, mtakuwa mmepoteza Ijumaa jioni moja tu au Jumamosi asubuhi. Na mkipewa nafasi ya kuuliza, ulizeni gumu kabisa mlilonalo, wala msiogope kuwaudhi. Wao wenyewe kwa wenyewe watalibishania hadi chai ipoe.

Wenu,
Mkalimani, Indianapolis